Mchele wa fitiki kidogo hauna chuma zaidi

Dada, umeuliza kama mpunga uliozalishwa uwe na asidi ya fitiki kidogo (kitu kilichomo kwenye nafaka kinachokamata madini) una madini mengi ya chuma kuliko huu wetu wa Kyela. Si lazima. Tofauti ni kwamba chuma na zinki havikamatwi sana tumboni, mwili unavifyonza kirahisi. Marekani walipata aina yenye fitiki pungufu kwa karibu asilimia 45. Madini ya fosforasi ni yaleyale, ila mengi yako huru, hayajafungwa ndani ya fitiki. Lakini tazama zile pumba mashineni: fitiki karibu yote imo mle! Ukishakoboa ukawa mweupe, faida hiyo inabaki ndogo mno. Itakufaa ukila ulioondolewa makapi tu, pumba zikabaki. Mtoto kwa sasa mpe wali na dagaa, ukamulie ndimu, chuma kifyonzwe vizuri.