Theluji haipakwi: kwa wanaoanza rangi za maji

Nimechora kwa rangi za maji hapa Mji wa Kale, Mombasa, miaka mingi, na kazi iliyonifunza zaidi ni ya nyumba ambayo sijaikanyaga. Mama mmoja wa Kibokoni aliniletea picha aliyotumiwa na binti yake anayeishi Uswidi: meza kando ya dirisha, birika linafuka, paka amejikunja kitini, nje theluji tupu. Akataka mchoro wa kutundika sebuleni.

Nilichora vyote, kisha nikachukua rangi nyeupe nzito nikaipaka theluji. Mama akatazama kwa muda. "Mwanangu, hii chokaa. Kule kwang'ara." Alisema kweli. Nikaanza upya.

Wewe unayeanza, shika hili kwanza: katika rangi za maji, weupe ni karatasi yenyewe. Rangi hukaa juu yake kama utando, mwanga ukapenya, ukagonga karatasi na kurudi machoni. Rangi nyeupe ya kupaka huuziba mwanga huo njiani, ndiyo theluji yangu ikafa. Kwa hiyo kabla hujalowesha brashi, zungushia penseli hafifu kila mahali patakapobaki peupe: theluji, ukingo wa kikombe, mgongo wa paka uliopigwa na mwanga. Rangi ikishaingia, kuna zinazong'ang'ania zisitoke kabisa.

Vivuli vya theluji navyo nilivipaka kijivu cha masizi. Sivyo. Theluji isiyopigwa na jua huangaziwa na anga, na siku ya anga safi kivuli chake huwa cha buluu. Kama huamini, tazama kanzu nyeupe iliyoanikwa uani, upande uliogeukia mbali na jua.

Lililonisumbua zaidi ni mwanga wa ndani. Kwenye picha dari iling'aa kuliko sakafu, nami sikuelewa kwa nini. Stockholm, huko Uswidi, mwezi wa Desemba jua la adhuhuri hupanda kiasi cha digrii 7 tu juu ya upeo. Hapa kwetu hata Juni linapita 60. Jua la chini namna ile huingia dirishani likafika ukuta wa mbali, na theluji ya nje hurusha mwanga kwenda juu. Nilikuja kuelewa siku moja nimejilaza kwa bibi yangu baada ya chakula cha mchana. Ukuta wa jirani uliopakwa chokaa, ng'ambo ya kichochoro, ulikuwa umewaka jua, na mwanga wake ulikuwa unatembea kwenye boriti za dari. Niliinuka nikatafuta daftari. Nenda nawe ukatazame dari kabla hujachora dirisha lolote. Tafuta pia kazi za Carl Larsson (1853–1919), Mswidi aliyechora nyumba yake mwenyewe na watoto wake kwa rangi hizi.

Karatasi nunua ya gramu 300 kwa mita ya mraba, nyepesi hujikunja. Ihifadhi kwenye sanduku lenye kifuniko, maana unyevu wa pwani huharibu gundi yake, ile inayoizuia isinywe rangi haraka, kisha rangi huzama kwa mabaka.

Na subira. Wakati wa masika tabaka moja hukawia mno kukauka. Gusa karatasi kwa mgongo wa kidole: ikiwa ya baridi, bado ina maji ndani hata kama haing'ai. Ukipaka juu yake utapata madoa yenye kingo kama za wingu.

Mara moja tu unyevu huo utakufaa, nayo ni kwenye mvuke wa birika. Ukuta wa nyuma ungali na unyevu kidogo, chukua brashi safi, ilowe, ikamue kwenye kitambaa, uivute kutoka mdomo wa birika kwenda juu, polepole, mkono ukiyumba kidogo. Rangi itapanda na brashi, karatasi itaonekana chini yake. Kamua, vuta tena. Mara mbili zinatosha. Ya tatu karatasi huanza kutoka nyuzi.