Bububu hadi Dunga kwa baiskeli: njia ya mashamba ya zamani

Anayetaka kupanda baiskeli kwa utulivu Unguja asihangaike kutafuta barabara isiyo na gari. Kisiwa ni kidogo, na karibu kila lami ina daladala yake. Cha kutafuta ni saa na upande: utoke saa ngapi, na uzunguke ukianzia wapi. Barabara ya Bububu saa 2 asubuhi ni ya kushika breki kila hatua mia. Saa 12 na robo barabara hiyohiyo ni ya watu wanaotoka msikitini na wauza mikate wenye baiskeli kama wewe.

Mzunguko tunaoupendekeza unaanzia Darajani, mjini, unapanda kaskazini hadi Bububu, unakata kulia kwenda Kidichi na Kizimbani, unashuka Kiboje, unatokea barabara ya Chwaka hapo Dunga, kisha unarudi mjini kwa Mwera. Jumla ni kiasi cha kilomita 45 hadi 50. Mtu mzima mwenye afya ya kawaida na baiskeli isiyo na gia anaumaliza kwa saa tano, vituo vikiwemo, na anafika nyumbani kabla ya adhuhuri.

Kwa nini Bububu kwanza, wala si Dunga? Sababu ya kwanza ni jua. Ukielekea Dunga asubuhi unalitazama jua uso kwa uso, na dereva anayekuja nyuma yako naye linampiga machoni vilevile. Hapo ndipo mwenda baiskeli anapogongwa bila ya mtu kumwona. Ukielekea Bububu jua liko mkono wa kulia. Sababu ya pili ni upepo. Wakati wa kaskazi, kuanzia Disemba hadi Machi, upepo unakuja mbele yako kwenye kipande cha Bububu, lakini alfajiri huwa haujapata nguvu. Ukishavuma sawasawa wewe unatoka Dunga na unausikia mgongoni. Wakati wa kusi, upepo utokao kusini, mambo ni magumu zaidi, kwa sababu marejeo yanakutia upepo wa ubavu wa kushoto. Ongeza nusu saa kwenye hesabu yako, lakini usiugeuze mzunguko, maana jua ni hatari kuliko upepo.

Masika, Machi hadi Mei, njia hii iache. Shida si kurowa. Upande huu wa magharibi udongo ni mzito na mwekundu, na ukiwa majimaji unajaa baina ya tairi na madigadi mpaka gurudumu linagoma kuzunguka. Ukilazimika kupita, beba kijiti cha kuukwangua na usingoje ukauke. Kipupwe, Juni hadi Agosti, japo kusi inavuma, ndio wakati bora kuliko yote.

Sasa baiskeli yenyewe. Phoenix ya kawaida inatosha kabisa, na faida yake ni kwamba kila kijiji kina mtu anayeijua. Lakini itengeneze jioni ya kuamkia safari, usingoje alfajiri. Mnyororo uinue kwa kidole katikati: uchezee sentimita 1 hadi 2. Ukilegea zaidi ya hapo utachomoka kwenye mteremko, ukikaza zaidi utakula meno ya gia na kukuchosha bure. Breki zivute zote mbili. Mkono wa breki ukigusa usukani, raba zimekwisha au fimbo imelegea. Kiti kiweke urefu ambao ukikanyaga kwa kisigino kanyagio likiwa chini, goti linakaribia kunyooka. Wengi wetu tunaweka viti chini mno, na maumivu ya goti baada ya kilomita 30 chanzo chake ni hicho.

Upepo wa tairi ndio unaoamua kama utafurahia siku au utaimaliza chini ya mwembe. Tairi nyembamba za Phoenix zijaze paundi 50 hadi 60. Zile pana za inchi 26 zitie 40 hadi 50. Watu huacha tairi laini wakidhani zitapunguza mtikisiko, na hilo ndilo kosa kubwa. Pembezoni mwa barabara zetu kuna mawe ya matumbawe yenye kingo kali. Tairi laini ikikanyaga jiwe, mpira wa ndani unabanwa baina ya jiwe na ringi na kutoboka mahali pawili kwa mpigo. Ukikuta matundu mawili yaliyokaa sambamba, usihangaike kutafuta mwiba: ulikosa upepo wa kutosha, na ukiziba tundu moja tu utarudi kuinama tena baada ya hatua hamsini.

Kiraka kinachobanduka njiani karibu siku zote kimebanduliwa na haraka. Sugua kwa msasa mpaka mpira upoteze mng'aro, eneo lipite kiraka kwa upana wa kidole kila upande. Pangusa vumbi kwa kitambaa kikavu, usipulizie kwa mdomo, kwani pumzi ina unyevu. Paka solusheni safu nyembamba, kisha iache dakika 5 mpaka isinate kidoleni. Hapo ndipo ubandike na ukandamize kwa nguvu. Kubandika solusheni ikiwa bado mbichi ni kupoteza kiraka. Kabla ya kurudisha mpira, pitisha vidole taratibu ndani ya tairi, kwa sababu mwiba ulioleta pancha mara nyingi bado umekaa palepale.

Mfukoni uwe na viraka 4, solusheni, msasa, pampu, vijiko viwili vya chuma vya kutolea tairi, na spana ya nati za gurudumu la nyuma. Spana hiyo ijaribu nyumbani: nyingi ni namba 15, lakini nyingine ni 14, na spana isiyoingia ni uzito tu. Maji lita 2 kwa mtu, na pesa ndogondogo taslimu kwa viingilio, chai na madafu.

Mkipanda wengi, hadi Bububu fuataneni mmoja nyuma ya mwingine, upande wa kushoto, mita moja kutoka ukingo wa lami. Ukibana ukingoni kabisa utasukumwa kwenye mchanga kila gari ikipita. Daladala iliyo mbele yako ihesabu kuwa itasimama wakati wowote. Usiipite kushoto, maana mlango uko huko na abiria wanashukia huko.

Magofu ya Maruhubi yako kushoto, upande wa bahari. Ni jumba la Sultani Seyyid Barghash lililoungua mwaka 1899, na nguzo nene zilizobaki ndizo zilizobeba roshani. Mbele kidogo ni Mtoni, makaazi ya Sultani Seyyid Said, ambako binti yake Salme alizaliwa mwaka 1844. Pote pawili ni vituo vya muda mfupi, na kwa asubuhi ya kwanza tunashauri upite tu ukapumzike Bububu kwa chai na mkate. Mwanzoni mwa karne ya 20 reli ndogo ilitoka mjini ikaishia hapa Bububu, na hilo linakuonesha jinsi ardhi ilivyo: mpaka hapa ni tambarare, na baada ya kukata kulia unaanza kupanda.

Mpando wa Kidichi si mkali ila ni mrefu. Asiye na gia ashuke akokote bila ya kuona haya, kwani hapo ndipo njia inapoanza kulipa. Kelele za barabara kuu zinabaki nyuma, na unaingia kwenye kivuli cha minazi, mifenesi, midalasini na mikarafuu ya hapa na pale. Anayeshangaa kwa nini mikarafuu imechanganyika hivi na minazi akumbuke kimbunga cha mwaka 1872, kilichoing'oa sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja. Pemba ilisalimika, ndiyo maana karafuu ikahamia huko, na huku wengi wakapanda minazi.

Hamamu ya Kidichi, yaani bafu la kifalme la zamani, usiipite. Seyyid Said aliijenga mwaka 1850 kwa ajili ya mkewe wa Kiajemi, Shehrazade. Kwa nje ni jengo jeupe la makuba lisilo na makuu, na wengi huingia, hutazama dakika mbili na kutoka. Tulia. Simama ndani mpaka macho yazoee giza, kisha washa tochi ya simu na uishike karibu na ukuta, mwanga ukipita ubavuni mwa ukuta badala ya kuupiga usoni. Hapo ndipo plasta ya chokaa inapojitokeza: maua, mashina, na ndege waliochongwa kwa namna ya Kiajemi, jambo la nadra katika majengo ya zama zile hapa kwetu. Mwanga wa mbele unayafuta yote hayo. Usiguse, jasho na mafuta ya vidole vinailainisha chokaa ambayo tayari inapigana na ukungu. Na baiskeli isimamishe kwa stendi yake au iegemeze mtini. Usukani ukiteleza ukutani unabandua kipande ambacho hakuna wa kukirudisha. Tunaliona kosa hili mara nyingi mno, na linauma.

Panga kuwa Kidichi saa 2. Gari za wageni wa mashamba ya viungo huanza kuja baadaye, na njia ni nyembamba.

Kutoka hapo hadi Kizimbani ni mwendo mfupi. Kizimbani ni miongoni mwa mahali pa mwanzo kupandwa mikarafuu Unguja, katika shamba la Saleh bin Haramil kabla ya Seyyid Said kulichukua. Pana hamamu nyingine, lakini haina nakshi. Alama ya kuulizia njia ni chuo cha kilimo. Ukimkuta mzee barazani, shuka kwanza kwenye baiskeli, mwamkie, halafu uliza, "Njia hii inatokea wapi?" Ukiuliza, "Hii ndiyo ya Kiboje?" huenda ukajibiwa ndiyo kwa heshima tu.

Kizimbani hadi Kiboje, kiasi cha kilomita 7, ndicho kipande kizuri kuliko vyote. Hapa mnaweza kwenda wawili sambamba na kuzungumza. Punguza mwendo penye nyumba, maana kuku na watoto wanakatiza bila ya taarifa, na kengele ipige ukiwa mbali, usimgutushe mtu mgongoni. Nguo zivuke magoti, kwa wanaume na wanawake, na Ramadhani chupa ya maji isitolewe mbele za watu.

Ukifika barabara ya Chwaka, ulizia gofu la Dunga. Hili lilikuwa jumba la Mwinyi Mkuu, mtawala wa wenyeji wa Unguja kabla na wakati wa masultani, na wa mwisho wao alifariki mwaka 1873. Tazama kuta zilivyo nene na mawe ya matumbawe yaliyoshikwa kwa chokaa, kisha ukirudi mjini kaulizie makumbusho ngoma na siwa zao, yaani pembe za kupuliza, ndipo jumba hili litakapokukamilikia.

Dunga pia ndipo pa kuamua. Miguu ikitetemeka au tairi ikikataa kabisa, simamisha gari ya 206 inayotoka Chwaka. Chai maharage, zile daladala za mwili wa mbao, hupakia baiskeli juu. Funga gurudumu la mbele kwa kamba lisizunguke, ilaze baiskeli kwa ubavu usio na mnyororo, na patana nauli ya mzigo kabla haijapandishwa. Anayeendelea ajue kwamba kutoka Mwera gari zinaongezeka, hivyo arudi kwenye safu ya mmoja mmoja. Nyumbani, kabla ya kuoga, pangusa mnyororo kwa kitambaa kikavu na utie tone moja la mafuta kila pingili. Hewa yetu ina chumvi, na mnyororo ulioachwa na jasho la njia unaamka na kutu.