Bernie Moreno: kutoka duka la magari hadi Seneti ya Marekani

Ndugu, umeuliza kama yupo Mlatino (mtu mwenye asili ya Amerika ya Kusini au ya Kati) aliyeingia Bunge la Marekani akitokea moja kwa moja kwenye biashara. Yupo Bernie Moreno wa Ohio, ambaye hakuwahi kushika wadhifa wowote wa kuchaguliwa kabla ya Seneti.

Alizaliwa Bogotá, Kolombia, mwaka 1967, akahamia Florida na familia yake akiwa mtoto. Mwaka 2005 alinunua duka la magari ya Mercedes-Benz huko North Olmsted, karibu na Cleveland, akaongeza mengine, kisha akaanzisha kampuni ya kuweka hati za umiliki wa magari katika mfumo wa kidijitali, shughuli ambayo kila muuzaji anajua jinsi inavyokwamishwa na makaratasi.

Mwaka 2022 aliwania Seneti lakini akajitoa katika mchujo, yaani kura ya ndani ya chama chake cha Republican ya kumpata mgombea. Mwaka 2024 alimshinda Sherrod Brown wa chama cha Democratic, aliyekalia kiti kimoja cha Ohio katika Seneti tangu 2007, na hilo naliona zito, kwani Brown alikuwa na mizizi mirefu miongoni mwa wafanyakazi wa viwandani. Hata hivyo, ushindi huo hauelezwi na biashara peke yake: Donald Trump alimuunga mkono tangu mchujo, na siku hiyo hiyo ya uchaguzi Trump mwenyewe, akigombea urais, alishinda Ohio kwa tofauti kubwa zaidi.