Anza na Bakuli, Siyo Piramidi: Kwa Anayeanza Kusoma Ustaarabu wa Kale

Kama ndiyo kwanza unaingia kwenye somo hili, bila shaka umeshapewa orodha ya dhana za kukariri: mji, dola, ziada ya chakula, mgawanyo wa kazi, matabaka, maandishi. Mimi pia nilipewa. Niliikariri yote nikafaulu mtihani. Mwaka uliofuata mwalimu akaweka mezani kigae cha bakuli la udongo, akaniuliza: hiki kinatuambia nini kuhusu dola? Nilikosa la kusema. Dhana zote nilikuwa nazo kichwani, ila hakuna hata moja niliyoweza kuishikisha na kitu.

Ngoja nikueleze kuhusu bakuli lile, kwa sababu limenifunza kuliko piramidi zote.

Ni aina ya bakuli iliyoenea Uruk, kusini mwa Iraki ya leo, katika nusu ya pili ya milenia ya nne KK. Mdomo wake umekatwa mshazari. Udongo wake umechanganywa na makapi, hauna rangi wala nakshi, na ukilipapasa kwa nje linakwaruza. Ndani mara nyingi unaona mahali ngumi au vidole vya mfinyanzi vilipokandamiza. Ni chombo kibaya kwa sura, kilichotengenezwa upesi, na watu hao hao walikuwa wanajua kufinyanga vyombo vizuri zaidi. Tena yamepatikana kwa maelfu, mengine yametupwa yakiwa mazima. Hapo ndipo swali linapoanza: nani anatupa bakuli zima? Anayejua kwamba kesho yatakuja mengine.

Sasa tazama vibao vya udongo vya mji huo huo, ambavyo ni miongoni mwa maandishi ya kale kabisa tuliyonayo. Kuna alama inayochora kichwa cha mtu na bakuli karibu na kinywa, na maana yake ni kula, au kupewa chakula. Wataalamu wengi waliunganisha mambo hayo mawili wakasema bakuli lile lilikuwa la kugawia posho. Ukikubaliana nao, dhana zako zinaanza kupata miguu. Mtu anayepewa posho halimi siku hiyo, yuko kwenye kazi nyingine, basi kuna mgawanyo wa kazi. Nafaka anayopewa imelimwa na mwingine, basi kuna ziada. Nafaka hiyo ilikusanywa mahali, ikalindwa, ikahesabiwa, na lazima kulikuwa na mtu mwenye mamlaka ya kusema huyu apewe na yule asipewe. Na mhasibu wake akahitaji kumbukumbu isiyomtegemea mtu kukumbuka. Ndiyo maana maandishi ya mwanzo ya Uruk kwa sehemu kubwa ni hesabu: shayiri, bia, mifugo, vibarua. Tenzi za kusifu wafalme zilikuja baadaye sana.

Lakini usilifunge faili. Wengine wameyapima mabakuli haya wakaona ujazo wake haulingani, jambo linalotia shaka kama kweli yalikuwa kipimo cha posho. Wapo wanaosema yalikuwa vibia vya kuokea mikate. Mimi naona hoja hiyo ina nguvu. Hata hivyo mikate ya maelfu nayo inataka maelezo: imeokwa na nani, kwa ajili ya nani? Hivi ndivyo dhana inavyotakiwa kufanya kazi, ikusukume kuuliza swali jingine. Ukiona imekufanya uache kuuliza, ujue umeikariri tu.

Neno posho lishike vizuri, litakufikisha mbali. Misri, katika mwaka wa 29 wa utawala wa Ramses III, karne ya 12 KK, mafundi wa kijiji cha Deir el-Medina waliokuwa wakichonga makaburi ya wafalme waliacha kazi kwa sababu posho ilichelewa. Waraka wa mafunjo unasimulia walivyotoka, wakapita vituo vya walinzi, wakaketi nyuma ya hekalu, na kulalamika kwamba wana njaa na kiu, hawana nguo, hawana mafuta, hawana samaki wala mboga. Ni mgomo wa zamani zaidi ambao kumbukumbu yake imetufikia. Ukitaka kuielewa dola ya Misri, soma waraka huo kabla ya kusoma sifa za Farao zilizochongwa kwenye kuta. Ukutani utamkuta mfalme anavyotaka kuonekana, na kwenye mafunjo utaona ghala lilivyokuwa siku hiyo.

Sasa neno lenyewe, ustaarabu. Kwetu sisi tunaosoma kwa Kiswahili lina mtego wake. Tunasema mtu fulani ni mstaarabu tukimaanisha ana adabu, hapigi kelele, anajua kuishi na watu. Na asili ya neno ni Kiarabu, likiwa na maana ya kujifananisha na Waarabu. Kwa hiyo kabla hujaandika mstari wa kwanza, neno limeshahukumu: wenye ustaarabu ni bora, na wasio nao wana kasoro. Katika somo letu halina maana hiyo. Tunazungumzia namna jamii kubwa ilivyojipanga, na jamii iliyojipanga hivyo inaweza kuwa katili kupindukia. Ndiyo maana siku hizi napendelea kuandika "jamii changamano" kila ninapoweza. Wewe tumia neno utakalo, ila liandikie fasili ukurasa wa kwanza wa daftari na uishikilie.

Orodha ya vigezo nayo ina historia. Iliyo maarufu zaidi ni ya mwanaakiolojia V. Gordon Childe, aliyetoa vigezo kumi mwaka 1950, maandishi yakiwa kimojawapo. Ilikuwa kazi nzuri, na mpaka leo inafaa kuisoma. Tatizo linaanza unapoigeuza kuwa fomu ya kutia vyema. Wainka wa Amerika Kusini walitawala eneo refu la milima ya Andes kwa barabara, maghala na hesabu zilizofungwa kwa mafundo ya kamba zinazoitwa kipu, bila maandishi ya aina tuliyoizoea. Utawaengua? Na Göbekli Tepe, kusini mashariki mwa Uturuki, watu walisimamisha nguzo za mawe zilizochongwa wanyama yapata mwaka 9500 KK, kabla kilimo hakijashika mizizi. Mimi nilikuwa nimefundishwa kwamba kilimo hutangulia na majengo makubwa hufuata. Nilipousoma mpangilio wa eneo lile ilibidi nifute kurasa nzima za daftari, na sijutii.

Jambo ambalo wanafunzi wapya hulipuuza kuliko yote ni muktadha. Kitu kimepatikana wapi, katika tabaka gani la udongo, pamoja na nini? Nguzo ya sheria za Hammurabi, mfalme wa Babeli, ilifukuliwa mwaka 1901 huko Susa, nchini Irani, wala siyo Babeli. Anayejua hilo tu bila zaidi anaweza kudhani Hammurabi aliitawala Susa na kusimika sheria zake pale. Ukweli ni kwamba mfalme wa Elamu, dola ya kale iliyokuwa na mji wa Susa, aliibeba kama nyara karne nyingi baada ya Hammurabi kufa. Mahali kitu kilipotengenezwa, mahali kilipotumika na mahali kilipoishia panaweza kuwa patatu tofauti, na kila mahali pana habari yake. Ndiyo sababu kitu kilichoibwa kwenye kaburi na kuuzwa huniuma sana. Hata kikirudi jumba la makumbusho kikiwa kizima, habari zake zimebaki kwenye shimo.

Tarehe nazo zina muktadha. Kipimo cha kaboni 14 hukuambia lini kiumbe kilikufa. Hakikuambii lini nyumba ilijengwa. Boriti iliyotolewa kwenye jengo kuukuu na kutumiwa tena itakupa umri wa mti, nawe utamzeesha mwenye nyumba bure. Na kwa wale wanaochanganyikiwa na KK: miaka inahesabiwa kurudi nyuma, kwa hiyo mwaka 1750 KK unakuja baada ya 1800 KK, na mwaka sifuri haupo. Chora mstari mmoja ubandike ukutani, yaishe.

Kuhusu "kuporomoka" nitasema kidogo. Utasoma kwamba Wamaya, watu wa Meksiko na Amerika ya Kati, walitoweka katika karne ya 9 BK. Mamilioni ya watu wanaongea lugha za Kimaya leo hii. Kilichoporomoka ni nasaba za wafalme na miji ya nyanda za chini za kusini, wakati kaskazini mji wa Chichén Itzá ulistawi. Kila ukikutana na neno hilo, andika pembeni: kimeporomoka nini hasa, na kwa nani?

Zoezi ninalowapa wanaoanza ni hili. Chagua kitu kimoja kidogo. Andika kilipatikana wapi, pamoja na nini, kimetengenezwaje. Dhana yoyote isiingie mpaka hayo yakamilike. Kisha ongeza dhana moja, na mbele yake ueleze ni alama gani kwenye kitu hicho inayokuruhusu kuitaja. Baada ya bakuli la Uruk, jaribu tofali la Mohenjo-daro, mji wa kale wa bonde la Indus katika Pakistan ya leo, la kati ya mwaka 2600 na 1900 KK: kimo, upana na urefu wake hufuata uwiano wa 1:2:4, na uwiano huo huo unakutana nao Harappa, mji mwingine wa bonde hilo, mamia ya kilomita kutoka hapo. Mifereji ya maji machafu ipo, mawe ya mizani yanayolingana yapo, mihuri yenye maandishi ambayo hayajasomeka hadi leo ipo. Kasri lisilo na ubishi halijapatikana. Ukimaliza kuandika, pitia kurasa zako, na popote ulipoandika "mfalme" jiulize umemtoa wapi.