Forever 21: kampuni ya mabilioni inafilisikaje mara mbili?

SWALI: Mhasibu, shikamoo. Nauza nguo za vijana Kariakoo. Nasikia Forever 21 ya Marekani ilifilisika 2019, ikanunuliwa, ikafilisika tena 2025. Kampuni iliyokuwa ikiuza mabilioni ya dola inafilisikaje? Na mbona jina bado lipo?

JIBU: Marahaba. Sababu ni nyingi, ila mimi naanza na fremu.

Do Won Chang na mkewe Jin Sook, wahamiaji kutoka Korea Kusini, walifungua duka Los Angeles mwaka 1984 kwenye fremu ya futi za mraba 900 tu. Biashara yao unaijua kwa sababu ndiyo yako: mzigo mpya kila mara, bei ya chini, faida ndogo kwa kila pisi, hela inatoka kwenye mzunguko.

Baada ya mtikisiko wa uchumi wa 2008, maduka makubwa kama Mervyn's yalifungwa, na wao wakaingia kwenye nafasi hizo. Kufikia 2019 walikuwa na maduka kama 800 duniani, kila moja kwa wastani likiwa na futi za mraba 38,000 hivi. Hebu jaza uwanja huo kwa blauzi za dola kumi!

Chukua mfano wangu. Duka linauza 100. Mzigo 50, mishahara 20, pango 15, umeme na mengineyo 5. Faida 10. Sasa mauzo yashuke hadi 80. Mzigo utashuka hadi 40, lakini mishahara, pango na umeme viko palepale, 40. Faida sifuri. Wateja wanne kati ya watano bado wanakuja, na wewe unafanya kazi ya bure. Na mikataba ya pango kule ni ya miaka mingi. Humpigii mwenye jengo simu ukamwambia mwezi huu biashara ngumu.

Septemba 2019 walikimbilia Sura ya 11 ya sheria ya ufilisi ya Marekani. Inamruhusu mdaiwa kuendelea kuuza huku akipanga madeni, na pia kuvunja mikataba ya pango isiyomlipa. Wenye majengo wakashtuka. Simon na Brookfield, kampuni zenye majengo hayo, pamoja na Authentic, kampuni inayomiliki majina ya biashara (nembo), wakamnunua mpangaji wao mwaka 2020 kwa dola milioni 81. Simon alishafanya hivyohivyo kwa Aéropostale mwaka 2016. Yaani mwenye fremu ananunua duka lako ili mlango usifungwe!

Muda si mrefu korona ikaingia. Kisha Shein na Temu, wauzaji wa mtandaoni kutoka China, waliokuwa wakituma Marekani vifurushi vya chini ya dola 800 bila ushuru, tena bila kulipia fremu hata moja kwenye majengo yale. Machi 2025 kampuni iliyoendesha maduka ya Marekani ilirudi mahakamani, ikieleza hasara ya zaidi ya dola milioni 400 katika miaka mitatu, na maduka yakafungwa.

Kuhusu jina: iliyofilisika ni kampuni ya maduka. Nembo ni mali ya Authentic, kampuni nyingine kabisa, nayo huikodisha kama mtu anavyopangisha nyumba. Mpangaji mmoja ameondoka. Waendeshaji wa nchi nyingine wana mikataba yao, na mwingine anaweza kupangishwa kesho.