Mapango ya samaki ya kujitengenezea: anza na chungu

Samaki wako wa tangini wanajibana nyuma ya filta (chujio la maji) mchana kutwa? Mara nyingi wanatafuta tu pa kujificha, na ukiwapa pango utashangaa wanaanza kuonekana zaidi, maana sasa wanajua wakishtuka wana pa kukimbilia.

Mimi kila anayeniuliza namwambia aanze na chungu cha maua cha udongo, kile cha kawaida ambacho hakijapakwa rangi wala kung'arishwa, na kiwe kipya kwa sababu cha zamani kinaweza kuwa kimenyonya mbolea au dawa ya wadudu. Kilaze ubavu, kizike nusu kwenye mchanga, pango tayari. Ila kile kitundu cha chini kiangalie sana jamani, samaki anapitisha kichwa halafu mwili unagoma, kwa hiyo kizibe kabisa. Kingo zote piga msasa mpaka ukipitisha soksi laini isinase, hasa kama unafuga beta au samaki wengine wenye mapezi marefu.

Kifuu cha nazi nacho kizuri, kwangua nyama yote kisha chemsha, mwaga maji, chemsha tena. Bado kitatia maji rangi kama ya chai, hiyo haiwadhuru.

Kwenye mawe ndipo watu wanapoharibu. Jiwe likauke, lidondoshee siki, likitoa povu lina chokaa na litapandisha pH (kipimo cha asidi ya maji) na ugumu wa maji, yaani madini yaliyoyeyuka humo, kwa sikilidi wa Ziwa Tanganyika au Malawi hilo ni sawa tu lakini kwa neon tetra, vile visamaki vinavyopenda maji laini, hapana. Halafu mawe yakae kwenye kioo cha chini kwanza ndipo umwage mchanga, sikilidi wanachimba balaa na jiwe likiporomoka linaua samaki au linapasua tangi.

Ukigundisha tumia silikoni ya tangi isiyo na dawa ya kuvu, hizi za bafuni nyingi wanaweka hiyo dawa. Iache masaa 24 au zaidi, kama umepaka nene ipe siku kadhaa. Ukiosha hivi vitu sabuni usiguse kabisa, na vitu vya shaba weka mbali, hasa ukiwa na kamba wadogo.

Ukiona mmoja kakaa mlangoni anafukuza kila anayepita, chungulia kwanza labda ana mayai. Kama hana, ongeza pango lingine upande wa pili wa tangi.