Jibu: Kuitangaza skeli ya S kupitia majarida

Umeuliza kama makala za majarida ya treni ndogo bado zinaweza kuiletea skeli ya S, yaani treni ndogo za kipimo cha 1:64 (mara 64 ndogo kuliko halisi), watu wapya. Zinaweza, mradi zisiwe za kuisifia S tu. Mtu wa HO, skeli ndogo kuliko S, akikuta kichwa "Kwa nini S", anafunua ukurasa unaofuata.

Mwonyeshe reli nzuri kwanza. Shusha kamera hadi usawa wa macho ya abiria aliyesimama kituoni, kutu kwenye mlango wa behewa ionekane, kisha itaje 1:64 kwenye maelezo ya picha. Ataulizia mwenyewe. Ukipata nafasi ya picha ya pili, panga mabehewa matatu, kila moja mfano wa behewa halisi la futi 40, kando ya rula: la HO lina takriban sm 14, la S sm 19, la O ya Kimarekani (skeli kubwa kuliko S) sm 25. Hapo msomaji anajipimia meza yake bila kuhubiriwa.

Kinachonisikitisha ni kwamba tunaishia American Flyer, treni za zamani za S za kampuni ya A.C. Gilbert, kila mara. Historia hiyo naipenda sana, lakini inamfanya mgeni adhani S ni ya wakusanyaji wa vitu vya kale. Mweleze reli na magurudumu yanapatikana wapi leo, na umtajie NASG, chama cha wapenzi wa S Marekani tangu 1960.

Makala hiyo ipeleke jarida la jumla. Wasomaji wa majarida ya S tayari ni wenzetu.